Salamabila: Tulipe fundi kwa kutafuta kosa, si kwa kuuza kipande tu

Kompyuta ya meza, iliyounganishwa na mwenyewe kwa vipande vya huku na kule, ilikuwa inapata joto sana. Imebadilishwa radiatere na ventilatere. Kazi imekwisha, visi vimefungwa, kifungo kimebonyezwa, na mashini haiwaki. Dakika tano hazipiti, mtu amekwisha kutoa hukumu: «Karti-mere imekufa, leta ingine.»

Hukumu hiyo inatolewa haraka mno katika maduka yetu, na mara nyingi inatolewa bila kupima kitu. Si kwamba mafundi wetu hawana akili. Shida ni kwamba sisi wateja tumezoea kulipa kipande kipya, lakini kazi ya kutafuta kosa hatuilipi. Kwa maoni yangu, desturi hiyo inatugharimu kuliko joto na vumbi kwa pamoja.

Hapa Salamabila, katika teritware ya Kabambare, watu wa mbali wanatujua kwa dhahabu ya Namoya. Lakini maisha ya kila siku yanapita pia katika vyumba vidogo vya sekretaria: barua za maombi, orodha za wanafunzi, maswali ya mitihani, hesabu za wachuuzi, karatasi za mashirika. Mashini moja ikinyamaza, si mwenye duka peke yake anayekosa chakula. Mwalimu anangoja, mzazi anangoja, na kijana anayetafuta kazi anaona siku ya mwisho ya kupeleka barua inapita.

Kipande kikihitajika, kinaagizwa Bukavu, Uvira ama Kalemie, kinabebwa kwenye barabara tunazozijua, na mvua ikinyesha hakuna anayeweza kuahidi siku ya kufika. Kwa hiyo mtu anayetuagizia kipande kisichohitajika anatupotezea feza na majuma pia.

Tuseme wazi kwamba wazo la kubadilisha ventilatere lenyewe ni zuri. Chini ya bati, kwenye vumbi jekundu, mashini zinateseka. Prosesa ikizidi joto inapunguza kwanza mwendo wake. Joto likiendelea kupanda inazima mashini yote ili isiungue. Ule mkorogo wa kijivu unaowekwa kati ya prosesa na radiatere, ambao mafundi wanauita pati, unakauka na miaka. Anayesafisha, anayebadilisha pati na kuweka radiatere kubwa zaidi anafanya kazi ya busara. Lakini kazi hiyo inapita karibu na waya nyingi na vipande vingi, na hapo ndipo makosa madogo yanazaliwa.

Kanuni ya kwanza ni nyepesi. Mashini iliyokuwa inafanya kazi asubuhi na ikakataa mchana baada ya kufunguliwa, tusianze kuuliza umri wake. Tuulize: ni nini kimeguswa? Kisha tuangalie alama yenyewe, maana «haiwaki» si ugonjwa mmoja.

Ikiwa hakuna kitu kabisa, hata ventilatere haigeuki, kosa linatafutwa kwenye njia ya umeme. Je, kile kifungo kidogo nyuma ya alimantasyo kilizimwa wakati wa kazi na kikasahaulika? Je, ule waya mpana wa miguu 24 umeingia mpaka mwisho? Je, waya mbili nyembamba za kifungo cha mbele zilichomoka mkono ulipopita? Hizi za mwisho zinachomoka kirahisi sana. Fundi anaweza kugusisha ile miguu miwili ya kifungo kwa ncha ya turnavisi, kwa nukta moja tu; mashini ikiwaka, karti-mere haijafa, waya ndio uliotoka.

Ikiwa ventilatere zinageuka lakini ekra inabaki nyeusi, kuna mshukiwa mkubwa: waya wa miguu 4 ama 8 unaopeleka umeme kwa prosesa peke yake. Uko kwenye kona ya juu, karibu kabisa na pale radiatere inapofungwa. Watu wanauchomoa ili mkono upite, kisha radiatere kubwa inauficha. Mshukiwa wa pili ni bareti za RAM, ambazo radiatere kubwa inaweza kuzisukuma. Zitolewe, zisafishwe, zirudishwe moja moja mpaka zilie «ka». Wa tatu ni visi vilivyokazwa kupita kiasi ama upande mmoja kabla ya mwingine: prosesa inalemewa vibaya, na miguu mingine haigusi vizuri. Vilegezwe, vikazwe tena kidogo kidogo, kwa msalaba.

Ikiwa inawaka na kuzima baada ya nukta chache, tuangalie kama radiatere imelala sawasawa juu ya prosesa. Kuna ngozi nyembamba ya plastiki inayobandikwa chini ya radiatere mpya. Mara nyingi imesahaulika pale pale, na joto linakosa njia. Tutafute pia visi kilichoanguka nyuma ya karti-mere, ama kile chuma cha kushikilia radiatere kilichogusa mahali kisipotakiwa. Mashini inazima ili kujiokoa, na mtu anaihukumu kwamba imekufa.

Na ikiwa ekra inaonyesha ujumbe kwamba ventilatere ya prosesa haionekani, basi dawa iko karibu: waya wake umechomekwa mahali pengine. Uhamishwe kwenye miguu iliyoandikwa CPU_FAN.

Kuna jambo moja zito kuliko haya. Kwenye mashini nyingi za AMD, zile za soketi AM4, miguu midogo iko chini ya prosesa yenyewe. Pati ikikauka, mtu akivuta radiatere kwa nguvu, prosesa inatoka nayo na miguu inapinda. Dawa ni kuzuia: mashini iwashwe kwanza dakika chache ili pati ilegee, izimwe, waya wa umeme utolewe, kisha radiatere izungushwe taratibu kabla ya kuinuliwa. Kwa Intel za meza, tangu 2004, miguu iko ndani ya soketi; hapo hatari ni kuangusha kitu ndani yake.

Haya yote yakishindikana, karti-mere itolewe kwenye sanduku, iwekwe juu ya kartoni kavu, ibaki na prosesa, radiatere yake, bareti moja ya RAM na ekra. Ikiwaka hivyo, vipande vinarudishwa kimoja kimoja mpaka mwenye kosa ajulikane. Kabla ya kila hatua umeme ukatwe. Alimantasyo yenyewe isifunguliwe, maana inashika umeme hata baada ya kuchomolewa. Ni hapo tu, baada ya kupima, ndipo fundi ana haki ya kusema neno «imekufa».

Wenye mashini nao wajue jambo hili: mashini isiyotoa picha yoyote haiponi kwa kuwekewa Windows upya. Inajipima yenyewe kabla ya kusoma diski. Anayetaka kufuta diski yako kwa kosa la namna hii anataka kufuta kazi yako ya miaka bila sababu. Mwambie aiache.

Sasa turudi kwa feza. Fundi akikaa saa mbili, akagundua kwamba waya mmoja tu ulichomoka, mteja atasema: «Ni waya tu, nikulipe nini?» Atampa za soda, ama atamshukuru kwa mdomo. Fundi huyo huyo akisema karti-mere imekufa, atapata faida ya kuuza ingine, na ile ya zamani, nzima kabisa, itabaki dukani kwake. Tumejenga soko ambamo ukweli hauna bei na uongo una faida. Kisha tunashangaa kwamba mafundi waaminifu wanaacha kazi na kwenda kwenye mashimo ya dhahabu.

Wengine watajibu kwamba mteja wa Salamabila ni maskini, hawezi kulipa mara mbili. Ni kweli kwamba feza ni ngumu. Lakini malipo madogo ya kupima, yaliyopatanwa kabla ya sanduku kufunguliwa, ni kidogo kuliko karti-mere isiyohitajika na majuma ya kuingoja. Mgonjwa analipa fishi na maabara kabla ya dawa, hata akiambiwa hana malaria. Kwa nini mashini inayotulisha tuitendee vibaya kuliko hivyo?

Napendekeza desturi tatu. Ya kwanza: bei ya kupima ijulikane mbele na ilipwe, kosa liwe kubwa ama dogo. Ya pili: kila kipande kinachotolewa kirudishwe mkononi mwa mwenye mashini, na kazi ikiwezekana ifanywe mbele ya macho yake. Fundi mwaminifu hana cha kupoteza hapo, na jina lake litakua. Ya tatu: shule zetu zenye somo la informatike ziache kuchora kompyuta ubaoni peke yake. Kompyuta moja iliyokufa, ikifunguliwa mezani mbele ya wanafunzi, inafundisha kuliko daftari nzima. Mashini za namna hiyo hazikosekani nyuma ya maduka yetu.

Hakuna hata moja kati ya hizo tatu inayongoja Kindu wala Kinshasa. Zinaweza kuanza juma hili, kati ya fundi mmoja na mteja mmoja wanaopatana bei kabla ya kufungua sanduku.