Vita vya Sayari Nyingine Tuviandike Sisi

Wako walimu wa sayansi wanaomnyang'anya mwanafunzi riwaya ya vita vya sayari nyingine, wakidai kwamba ni upuuzi unaompotezea wakati. Mimi naona kinyume. Riwaya ya namna hiyo, iwapo inaheshimu kanuni za maumbile, ni maabara isiyohitaji vifaa. Na vijana wetu yawapasa si kuisoma tu, bali kuiandika, tena kwa Kiswahili.

Mwaka 1898 Mwingereza H. G. Wells alitoa The War of the Worlds, riwaya ambamo viumbe wa Mirihi wanaivamia Uingereza. Mizinga ya binadamu haifui dafu. Wavamizi wanaangamizwa na vijidudu ambavyo miili yao haikuvizoea. Hapo pana somo zima la kinga ya mwili. Lakini pana jambo zito zaidi. Katika sura ya kwanza, Wells anawakumbusha wasomaji wake jinsi Wazungu walivyowaangamiza wenyeji wa Tasmania. Alilazimika kubuni ili wenzake waonje hali ya kuvamiwa. Sisi hali hiyo hatuna haja ya kuibuni: imo katika historia yetu.

Tuitazame Liuli, iliyo katika mwambao wa Ziwa Nyasa, katika eneo lililokuwa la wilaya ya Mbinga na ambalo sasa ni wilaya ya Nyasa. Tarehe 13 Agosti 1914 meli ya Kiingereza, Gwendolen, iliishambulia kwa mzinga meli ya Kijerumani, Hermann von Wissmann, iliyokuwa imepandishwa nchi kavu kwa matengenezo. Uingereza ilikuwa imetangaza vita siku 9 kabla, lakini nahodha wa Kijerumani alikuwa hajapata habari. Vita vya Wazungu vikawa vimefika katika maji ya Wanyasa, ambao hawakuulizwa neno.

Hapo mwalimu wa fizikia ana swali la kuwapa wanafunzi wake. Mawimbi ya redio husafiri takriban kilometa 300,000 kwa sekunde. Hata hivyo, kati ya Dunia na Mirihi huchukua kiasi cha dakika 3 hadi 22, kwa kadiri sayari hizo zinavyokaribiana au kutengana. Basi mwandishi anayemfanya jemadari aliyeko Mirihi azungumze na wakubwa wake wa Duniani kama watu wawili walioketi barazani, amevunja kanuni. Anayeujua mkasa wa Liuli atatambua kwamba kuchelewa kwa habari ndiko kunakozaa kisa.

Swali la pili ni la chakula. Inaelezwa kwamba katika karne ya 19 mashambulizi ya Wangoni yaliwafanya Wamatengo wajibane milimani, wakalazimika kulima miteremko mikali. Kilimo chao cha ngoro kinasifika hadi leo: nyasi zilizokatwa hulazwa kwa mistari inayokatana, hufukiwa kwa udongo unaochimbwa katikati, na mashimo yanayobaki hunasa maji ya mvua yasiukokote udongo bondeni. Je, wakimbizi wa vita vya sayari nyingine watalima nini, na kwa mbinu gani? Mvutano wa Mirihi ni kama asilimia 38 ya ule wa Dunia: udongo wa mteremko ungeporomoka huko kama unavyoporomoka Mbinga? Mwanafunzi atakayetafuta jibu atakuwa amesoma fizikia, jiografia na kilimo kwa mpigo mmoja.

Wapo watakaohofu kwamba hadithi hizi huwatia vijana uchu wa vita. Riwaya duni hufanya hivyo, kwa kuwa huhesabu makombora tu. Riwaya bora huhesabu pia mashamba yaliyoachwa. Wengine watasema Kiswahili hakimudu mambo ya anga. Hao wamsome Katama Mkangi, ambaye riwaya yake Walenisi, ya mwaka 1995, ilimfikisha msomaji katika sayari nyingine kwa Kiswahili fasaha.

Kwa hiyo nawashauri walimu wa sayansi na wa Kiswahili waketi pamoja, wawape wanafunzi kazi ya kubuni kisa kimoja cha vita vya mbali, kisha wakisahihishe mara mbili: kwanza lugha, halafu kanuni za maumbile. Tusipoiandika habari ya wanaovamiwa, tutaendelea kuisoma kwa kalamu ya wavamizi.