Wanawanyima Zana, Kisha Wanawaita Wavivu

Matokeo ya kidato cha nne yatangazwapo, taifa huwashangilia waliopata C+ na zaidi, maana lango la chuo kikuu limewafungukia. Walio wengi, waliobaki chini ya alama hiyo, husahauliwa kabla ya jua kutua. Kisha viongozi wetu husimama majukwaani, na hata mimbarini (jambo ambalo makanisa yalipaswa kulikataa zamani), wakawakaripia vijana eti ni wavivu wanaochagua kazi.

Ndugu msomaji, ni haki kumfunga mtu miguu kisha kumcheka kwamba hakimbii? Mwaka 1966 Baraza la Makanisa lilichapisha ripoti iliyouliza mtoto akishamaliza shule afanye nini. Jibu lake halikuwa hotuba. Lilikuwa vyuo vya ufundi vya vijijini, kijana apate kujifunza useremala, uashi na ushonaji karibu na kwao. Serikali ilivibadilisha majina tangu hapo; katika viwili nilivyovizuru, wanafunzi walikuwa wakipokezana cherehani moja.

Mfumo wa 8-4-4 uliletwa mwaka 1985 kwa ahadi ya kujitegemea. Wazazi wakajengeshwa karakana kwa harambee. Baadaye masomo hayo ya mikono yakapunguzwa. Mwaka 2013 politekniki kuu za Nairobi na Mombasa zikawa vyuo vikuu vya kiufundi. Sisemi digrii ni haramu. Ninayo, na ndiyo inilishayo. Nasema heshima ilikimbilia digrii, fundi akaachwa alipokuwa.

Katiba ya 2010 haikuliacha jambo hili kwa hisani ya mtu. Kifungu cha 55 kinailazimu Dola kuchukua hatua ili vijana wapate mafunzo yanayowafaa, na ajira. Jedwali la Nne linavikabidhi vyuo vya ufundi vya vijijini kwa kaunti. Basi gavana asinyooshe kidole Nairobi.

Kila parokia na kila kikundi kiiandikie kaunti yake: chuo chetu kilitengewa shilingi ngapi, zilifika ngapi, walimu ni wangapi, zana zi wapi? Kifungu cha 35 kinawapa haki ya kujua, na sheria ya mwaka 2016 ya kupata habari inawapa maafisa siku 21 za kujibu. Barua ipigwe muhuri wa kupokewa, nakala ibaki kwenu. Siku ya 22 wakiwa wangali kimya, pelekeni malalamiko kwa Tume ya Haki za Utawala.