Kolwezi haina kinu cha nyuklia, lakini mabomba yake nayo yanazeeka

Uranium si jina geni Kolwezi. Novemba 2018, kampuni ya Kamoto Copper Company (KCC) ilisimamisha kwa muda kuuza kobalti yake kwa sababu uranium iliyokutwa ndani yake ilikuwa imepita kiwango. Lakini kinu cha nyuklia Kolwezi haina. Nchini Kongo vinu vilijengwa Kinshasa tu, kwa ajili ya utafiti: TRICO I, cha kwanza Afrika, kilianza 1959, na TRICO II, kilichofuata, kimezimwa tangu 2004.

Kwa hiyo mkaaji wa Kapata au wa Luilu anaweza kuuliza: habari za nyufa za mabomba katika vinu vya Marekani, Japani na Ufaransa zinamhusu nini yeye? Zinamhusu, kwa sababu bomba la chuma halijui kama limefungwa kwenye kinu cha nyuklia au kwenye kiwanda cha shaba. Likipitishiwa joto, presha na kemikali kwa miaka mingi, linachoka. Na nchi zile tatu, pamoja na fedha zao zote na mainjinia wao wote, zilijifunza kwa gharama kubwa somo ambalo Lualaba inaweza kulipata kwa bei ndogo.

Kila kiwanda kina mabomba makubwa ambayo kila mtu anayaona, na mabomba madogo ambayo hakuna anayeyatazama: ya kutoa hewa, ya kumwaga maji, ya kupeleka presha kwenye geji. Pampu inatetemeka mchana na usiku, na bomba dogo linatetemeka nayo, hadi ufa unaanza pale lilipochomelewa. Mahali pengine chuma kinavutwa huku kemikali inakila polepole, na ufa unatembea ndani kwa ndani bila kuonekana kwa nje. Mafundi wana njia za kuutafuta: mawimbi ya sauti ya kupima unene, rangi nyekundu inayoingia kwenye ufa na kujitokeza juu ya unga mweupe, picha za mionzi kama zile za hospitali. Ila bomba dogo ni gumu kukagua. Kifaa cha mawimbi hakikai sawasawa juu ya bomba la upana wa vidole viwili, na kiwanda kimoja kinaweza kuwa na maelfu ya mabomba ya namna hiyo. Ndiyo maana ndiyo yanayosahauliwa.

Kisa cha kwanza ni cha kinu cha Davis-Besse, jimbo la Ohio, Marekani. Juu ya kifuniko cha chuma cha kinu kile kulikuwa na mabomba madogo yaliyochomelewa, ambamo vifaa vya kuongoza moto wa nyuklia vinapita. Machache yalipata nyufa. Maji yaliyokuwa yanavuja yalikuwa na asidi ya boriki, na asidi ile ikaanza kula kifuniko. Machi 2002 mafundi walikuta shimo lililopita unene wote wa chuma, zaidi ya sentimita 15. Kilichobaki kuzuia presha yote ile ni utando wa ndani wa chuma kisichoshika kutu, wenye unene usiofika sentimita 1.

Je, hakukuwa na dalili? Zilikuwapo. Kwa muda mrefu vichujio vya hewa ndani ya jengo lile vilikuwa vinajaa vumbi la kutu, na vilifika kubadilishwa kila baada ya siku mbili hivi. Kichujio kilibadilishwa, kazi ikaendelea, na swali la kutu ile inatoka wapi halikufuatwa hadi mwisho. Zaidi ya hapo, shirika la serikali la kusimamia vinu lilitaka ukaguzi ufanyike kabla ya mwisho wa Desemba 2001. Kampuni iliomba kusogeza tarehe ili izalishe umeme kidogo zaidi, na ikakubaliwa hadi katikati ya Februari 2002. Ukaguzi ulisogezwa wiki 6. Kilipogunduliwa kile shimo kilisababisha kinu kukaa miaka 2 bila kazi, na hasara ilipita dola milioni 600.

Kisa cha pili ni cha Mihama, Japani. Tarehe 9 Agosti 2004 bomba la maji ya moto lilipasuka, mvuke ukaunguza watu 11, na 5 kati yao wakafa. Bomba lile lilikuwa na unene wa milimita 10 lilipofungwa mwaka 1976. Siku lilipopasuka, sehemu yake ilikuwa imebaki karibu milimita moja na nusu. Kwa miaka 28 hakuna aliyelipima hata mara moja, kwa sababu halikuandikwa kwenye orodha ya mabomba ya kukaguliwa. Waliokufa hawakuwa wakubwa wa kampuni ya umeme. Walikuwa wafanyakazi wa kandarasi, waliokuja kutayarisha vyombo kwa ajili ya ukaguzi uliokuwa uanze siku chache baadaye.

Cha tatu ni cha Ufaransa. Mwishoni mwa 2021 kampuni ya umeme EDF ilikuta nyufa katika mabomba ya usalama ya kinu cha Civaux. Ikazima kile, ikazima na vingine, na mwaka 2022 umeme wa nyuklia wa Ufaransa ukashuka hadi kiwango ambacho hakikuwa kimeonekana kwa zaidi ya miaka 30. Machi 2023, katika kinu cha Penly, ukatangazwa ufa wenye urefu wa milimita 155 na kina cha milimita 23, katika bomba lenye unene wa milimita 27. Bomba lile lilikuwa limehesabiwa kuwa halina hatari kubwa ya kupata ufa. Kumbe mshono wake ulikuwa umerudiwa kuchomelewa mara mbili wakati wa ujenzi. Ila tofauti moja ni muhimu: vipimo vile vilitangazwa na mamlaka ya usalama kwa raia wote, kwa milimita, na mkaguzi akaiagiza kampuni ibadili mpango wake wa ukaguzi.

Turudi sasa Lualaba. Kiwanda cha Luilu kilianza kazi mwaka 1960. Vituo vya umeme vya Nzilo na Nseke, vinavyotumia maji ya mto Lualaba, ni vya miaka ya 1950. Vyombo vingi vimebadilishwa tangu wakati ule, na viwanda vipya vimejengwa pembeni yao. Lakini kazi yenyewe ni ileile: kuyeyusha shaba na kobalti kutoka kwenye udongo kwa asidi ya salfa. Asidi hiyo inasafiri ndani ya mabomba, na maji machafu yanayobaki yanasukumwa kwa mabomba hadi kwenye mabwawa, mara nyingi karibu na nyumba za watu, mashamba ya mihogo na mito.

Asidi ya salfa ina tabia ambayo kila mkaaji angepaswa kuijua. Ikiwa nzito, inatengeneza utando juu ya chuma ambao unakikinga kidogo. Ikichanganyika na maji, au ikipita kwa mwendo mkali kwenye kona ya bomba, utando unaondoka na chuma kinaliwa upesi. Maana yake ni kwamba bomba zuri kwa macho linaweza kuwa limekwisha sehemu moja tu, kwenye kona moja, kwenye mshono mmoja. Na asidi inazidi kuongezeka: kiyeyushio kipya cha Kamoa-Kakula, karibu na Kolwezi, kimepangwa kutoa hadi tani 700,000 za asidi kwa mwaka kikifika uwezo wake kamili.

Wakaaji wa eneo hili hawahitaji kufundishwa asidi inafanya nini. Februari 2019, huko Kabwe, lori lililokuwa linapeleka asidi kwenye mgodi wa Mutanda lilipata ajali na watu wasiopungua 18 wakafa. Februari 2025, upande wa Zambia, bwawa la takataka za kiwanda lilipasuka karibu na Chambishi, maji ya asidi yakaingia mto Kafue, na mji wa Kitwe ukakatiwa maji. Novemba mwaka huohuo, Lubumbashi, maji machafu ya kampuni ya CDM yalimwagika hadi mitaani, na waziri wa madini Louis Watum Kabamba akasimamisha kazi ya kampuni hiyo kwa miezi 3. Ajali hizi hazifanani: moja ni ya barabara, nyingine ni za mabwawa. Zinafanana katika jambo moja. Serikali na kampuni zilionekana kwa wingi baada ya watu kuumia na maji kuharibika, wakati kontrole ilitakiwa kuonekana kabla.

Sheria ya madini iliyorekebishwa Machi 2018 inasaidia kwa upande mmoja. Kifungu cha 285 bis kinasema mwenye mgodi analipa madhara yanayotokana na kazi yake hata kama hakuna kosa lililothibitishwa. Ni jambo kubwa kwa mkulima ambaye hana fedha za kuleta mtaalamu mahakamani. Lakini fidia inakuja shamba likiwa limekwisha kuungua, na mto hauwezi kulipwa. Usipoziba ufa utajenga ukuta, wanasema wazee. Na ukuta wa Lualaba ukianguka, unaangukia mama anayefua mtoni kabla ya kumfikia mwenye hisa aliye ng'ambo.

Hivyo jimbo linahitaji mambo manne, na hakuna hata moja linalohitaji teknolojia ya nyuklia.

La kwanza ni orodha. Kila kiwanda kiandike kila bomba linalobeba asidi au maji machafu, dogo na kubwa: lilifungwa mwaka gani, ni chuma gani, unene wake ulikuwa kiasi gani, lilipimwa mara ya mwisho lini, na limebaki na milimita ngapi. Mihama inafundisha kwamba bomba lisiloandikwa ndilo linaloua.

La pili ni tarehe isiyosogezwa kimyakimya. Kampuni ikitaka kuahirisha ukaguzi, iandike sababu, serikali ijibu kwa maandishi, na karatasi zote mbili zibandikwe kwenye ofisi za komini ya Manika na ya Dilala, na kwa shefu wa kila kijiji kilicho jirani. Pamoja nazo zibandikwe matokeo ya vipimo, kwa Kifaransa na kwa Kiswahili.

La tatu ni wakaguzi wasiolishwa na yule wanayemkagua. Chuo Kikuu cha Kolwezi kiko hapahapa, na vijana wenye akili ya chuma na kemikali hawakosekani. Wafundishwe kazi hii, walipwe kupitia mfuko wa serikali unaojazwa na ada za kampuni. Ada hiyo isichukuliwe kwenye ile asilimia 0.3 ya mauzo ambayo sheria imeweka kwa ajili ya maendeleo ya jamii. Fedha ile ni ya shule, ya zahanati na ya maji ya raia. Kutunza tuyo ya kampuni ni deni la kampuni yenyewe.

La nne ndilo gumu kuliko yote: kumlinda anayesema. Ripoti ya mashirika ya RAID na CAJJ ya mwaka 2021 ilionyesha kwamba asilimia 57 ya wafanyakazi katika migodi mitano mikubwa ya eneo hili waliajiriwa kupitia kampuni za kandarasi. Mtu ambaye mkataba wake unakatwa wakati wowote, akiona tone la asidi chini ya mshono, atapiga hesabu mbili: akisema, huenda kesho hana kazi; akinyamaza, huenda hakuna kitakachotokea leo. Hadi hesabu hiyo ibadilike, vifaa vya bei kubwa havitasaidia, maana macho ya kwanza ya kiwanda ni ya mfanyakazi anayepita pale kila siku.

Watakuwapo wa kusema kwamba kampuni kubwa tayari zina idara za usalama na zinakagua. Baadhi zinafanya hivyo, na vizuri. Basi hazina sababu ya kuficha vipimo. Wengine watasema kusimamisha kiwanda ni kuwanyima watu mkate. Hofu hiyo ni ya kweli katika mji unaoishi kwa shaba, na haifai kudharauliwa. Lakini hesabu ya Davis-Besse inajibu: wiki 6 zilizookolewa ziligharimu miaka 2. Sehemu ya kiwanda inayosimama siku chache ili bomba libadilishwe inawarudisha watu kazini wiki inayofuata. Kiwanda kinachofungwa na waziri baada ya maafa hakitoi ahadi hiyo.

Wale wa Ohio hawakuwa wajinga. Waliiona kutu kwenye vichujio, wakaifuta, wakarudi kazini. Kolwezi nayo ina kutu yake: doa la manjano chini ya mshono, ukoko mweupe kwenye kona ya bomba, harufu inayowakohoza watoto usiku. Mvua zikianza, mabwawa yanajaa na pampu zinafanya kazi zaidi. Gavana, wabunge wa jimbo na idara za mazingira wana muda wa kudai orodha hizo kabla ya mvua zijazo, na mkaaji wa Luilu ana haki ya kuuliza swali moja rahisi: bomba linalopita nyuma ya nyumba yangu lilipimwa lini, na limebaki na milimita ngapi?