Damu Ikienda, Majibu Yarudi

Nimestaafu uuguzi, lakini majirani zangu wa Kibokoni bado huniita daktari, na mlangoni pangu hapakosi mtu anayetaka kusomewa cheti cha maabara. Juzi alikuja bibi mmoja na swali tu: "Mwanangu, ile damu walonitoa ya utafiti, ilisema nini?" Alikumbuka yote: vichupa vya kifuniko cha zambarau, karatasi ya Kiingereza aliyosomewa upesi upesi, wino wa dole gumba uliokataa kutoka mpaka akausugua kwa ndimu. Majibu hakupata.

Mimi utafiti nautaka, na nimechoma sindano nyingi kwa ajili yake. Ninachodai ni haki ya mwenye damu kujua kilichoonekana.

Chukua mfano huu: mwaka 1971 wanasayansi wa Bristol, Uingereza, walitangaza kirusi kipya kutoka kwa Mkenya mwenye saratani nyuma ya pua. Walikuwa wakiotesha seli za uvimbe wake maabarani. Kikaitwa kirusi cha povu, maana seli kinazoziingia hujaa mapovu. Kiko katika ukoo mpana wa retrovirusi, ambao ndio ukoo wa VVU pia. Kwa miaka mingi kilihesabiwa kuwa cha binadamu, mpaka vinasaba vyake vilipochunguzwa vizuri vikaonyesha asili yake ni sokwe, tena wale wa mashariki, wa Kongo, Uganda na Tanzania. Kenya haina sokwe wa porini. Je, Mkenya huyo aliumwa na mnyama? Alisafiri? Kirusi kimeandikiwa kurasa na kurasa. Mwenye mwili anatajwa kama "Mkenya", basi.

Hapa kisiwani Mombasa tuna mfano wetu. Tangu 1993, katika kliniki ya Ganjoni, wanawake wanaouza ngono wamekuwa wakipimwa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Nairobi na wenzao wa Washington, Marekani. Wamepata matibabu pale, na hilo ni jema kubwa. Damu yao ndiyo iliyosaidia kuonyesha kwamba mwanamke anapoambukizwa VVU, mara nyingi huingiwa na virusi vya namna zaidi ya moja kwa wakati mmoja. Wanaotengeneza chanjo wanalijua hilo. Simama Mwembe Tayari uulize ni nani mwingine analijua.

Majibu yasiporudi, uvumi huyatangulia. Nimesikia kwa masikio yangu watu wakisema tumbili wauawe kwa sababu ndio walioleta Ukimwi. Tumbili wana kirusi chao cha jamii ya VVU, kweli, na wengi wanacho wala hakiwaletei ugonjwa. Lakini VVU vilivyoenea duniani asili yake ni sokwe wa kusini mashariki mwa Cameroon. Hata kima wa pwani wana kirusi chao, na kiligunduliwa hapa hapa Kenya. Mambo haya yamo kwenye majarida ya Kiingereza, na anayeokota jiwe kumpiga tumbili Nyali hajawahi kuyasikia.

Kamati zinazoidhinisha utafiti ziandike sharti hili ndani ya kibali: fomu ya ridhaa iseme kwa Kiswahili ni mwezi gani na ni mahali gani majibu yatasomwa, na mtafiti asipewe kibali kingine kabla hajaja kuyasoma. Aje kwenye baraza, aje na mhudumu wa afya wa mtaa, akae aulizwe maswali mpaka yaishe.