SHAHADA YA MIAKA MIWILI: TUULIZE KABLA YA KUCHEKA



Wiki mbili zilizopita alitujia ofisini mzee mmoja, mkulima wa korosho, kashika simu yenye barua ya binti yake aliyeko Texas kwa shangazi yake. Binti aliondoka mwaka jana, naye kaandika kwamba mwakani atapata shahada. Mzee akatuuliza, "Mwalimu, shahada gani hii ya miaka miwili? Tumeibiwa?" Barazani walikwisha kumcheka, na alikuwa tayari kumwita mtoto arudi nyumbani.

Swali lake ni la haki. Hapa kwetu ukisema shahada, watu wafahamu Chuo Kikuu, miaka mitatu au zaidi. Lakini Wamarekani wanayo shahada nyingine iliyo chini ya hiyo, nayo hutolewa na vyuo vya jamii. Kilicho kikongwe kuliko vyote vya umma vya namna hiyo ni cha Joliet, Illinois, kilichoanza mwaka 1901. Mwaka 1947 tume ya Rais Truman ilishauri vienezwe nchini kote. Wanaosema ni vyuo vya walioshindwa na wajue kwamba Bibi Jill Biden alikuwa akifundisha katika kimoja, huko Virginia, hata mumewe alipokuwa Rais.

Shida ni kwamba shahada hizo si za namna moja, na hapo ndipo vijana wetu hupotea. Iko ya kuhamia: kijana hukusanya krediti kama 60, yaani nusu ya zile 120 za shahada kamili, kisha huingia Chuo Kikuu mwaka wa tatu. Kwa kuwa ada ya chuo cha jamii kwa kawaida ni nafuu, mzazi huokoa fedha nyingi. Na iko ya kazi: fundi wa eksirei, msaidizi wa wakili, msafishaji wa meno, fundi wa mitambo. Huyu huingia kazini mara amalizapo, lakini siku akitaka Chuo Kikuu huweza kuambiwa kwamba krediti zake nyingi hazihesabiwi. Mawakala wanaosafirisha watoto wetu hawalisemi jambo hili. Wao hutaka malipo yao tu.

Uuguzi ni mfano mzuri. Muuguzi wa miaka miwili hufanya mtihani uleule wa leseni afanyao mwenzake wa miaka minne. Hata hivyo sheria iliyopitishwa New York mwaka 2017 yawataka wauguzi wapya wapate shahada kamili ndani ya miaka 10, na ziko hospitali zinazoitaka tangu siku ya kwanza.

Tena wazazi wasidanganywe kwamba mtoto atajilipia ada kwa vibarua. Mwanafunzi wa kigeni wakati wa masomo huruhusiwa saa 20 kwa wiki, kazi za ndani ya chuo.

Na akirudi? Twasema wazi: asitazamie kuhesabiwa hapa sawa na mwenye shahada ya Chuo Kikuu. Vyeti vya nje hupimwa na TCU au NACTVET, na yafaa kuwauliza kabla ya kuuza shamba, si baada yake.

Lakini kucheka, hapana. Sisi wenyewe tulisoma ualimu miaka miwili, na kejeli za "walimu wa stashahada" twazijua sana. Wengi wa hao wenye kejeli walifundishwa kusoma na walimu wa namna yetu. Tangu marehemu Tom Mboya alipopeleka Marekani vijana 81 kwa ndege mwaka 1959, watu wetu wameitazama safari hiyo kama mlango wa shahada kubwa peke yake, na fundi wa eksirei wakamwona si kitu. Nenda hospitali ya wilaya na mguu uliovunjika, ukute mashine ipo na fundi hayupo, ndipo utakapojua.

Mzee hakumwita binti yake. Tuliketi naye tukaandika barua yenye swali moja: shahada yako ni ya kuhamia au ya kazi, na kama ni ya kuhamia, ni Chuo Kikuu gani kilichokubali kwa maandishi kuzipokea krediti zako? Hadi tunapeleka makala hii mtamboni jibu halijafika, na mzee hupita ofisini kila asubuhi.