Video za chuo Kagera: Jengo lipo, kodi ya kila mwaka atalipa nani?

Bukoba. Kampasi ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam (UDSM) iliyoko Itahwa, Bukoba Vijijini, ni matunda ya HEET, mradi wa vyuo nchini ulioanza 2021 kwa mkopo wa Benki ya Dunia wa Dola 425 milioni za Marekani.

Fedha za mradi hujenga na kununua vifaa. Kimya kiko kwa maktaba: mradi ukiisha, video za kufundishia zitalipiwaje?

Kitabu unanunua mara moja, kinakaa miaka. Video ya mtandaoni ni chumba cha kupanga. Kodi ikikatika mlango unafungwa, hata kama mhadhiri ameshaiweka kwenye somo.

Waliotangulia wameumia

Kampuni ya Kanopy ilivipa vyuo mpango mtamu: wanafunzi waone orodha nzima, chuo kilipie zinazotazamwa tu. Lakini filamu ikifunguliwa mara nne, sekunde 30 kila mara, chuo kilidaiwa leseni ya mwaka, takriban Dola 150. Wanafunzi wanne tu, deni tayari.

Julai 1, 2019 maktaba za umma za New York, Brooklyn na Queens zilijitoa kwa sababu ya gharama. Kama New York ilishindwa, Itahwa itaweza?

Njia tatu

Kwanza, kununua kwa pamoja. Maktaba za vyuo tayari zina umoja wao, COTUL, unaojadiliana bei za majarida. Uende na kwenye video.

Pili, mkataba uruhusu faili kubaki kwenye seva ya chuo. Saa moja ya video ya kawaida inaweza kula karibu GB 1. Kwa mtandao wa ndani, bando la mwanafunzi linapona.

Tatu, kurekodi zetu. Mnyauko wa migomba uliripotiwa nchini kwa mara ya kwanza wilayani Muleba mwaka 2006, na watafiti wa TARI Maruku wako jirani. Video ya shamba la Muleba haina kodi ya mwaka, na hakuna kampuni ya nje inayoweza kuizima.

Bajeti ikisubiri mradi uishe, maktaba itakuwa kibanda umiza: huna hela ya leo, huoni kitu.