Kibaya Chajitembeza: Namna ya Kupima Chuo Kabla ya Kulipa Karo

Bibi mmoja wa Nyamirambo, mwuza vitenge, ametuletea swali ambalo twaamini ni la wazazi wengi. Bintiye amemaliza sekondari na ataka kusomea uuguzi. Hakupata nafasi ya kulipiwa na Serikali, lakini vyuo viwili vya binafsi vimekubali kumpokea. Kimoja kina jengo jipya la vioo, na matangazo yake husikika redioni kila asubuhi. Cha pili majengo yake ni ya kawaida na habari zake hazivumi. Fedha alizoziweka katika ikimina kwa miaka sita zatosha kumsomesha mtoto mara moja tu. Auliza, mtu ambaye hakusoma chuo kikuu atajuaje kipi ni chuo na kipi ni duka?

Zamani swali hili halikuwapo. Chuo Kikuu cha Taifa kilipofunguliwa Butare mwaka 1963, kwa msaada wa mapadre Wadominiko kutoka Kanada, kilikuwa peke yake nchini, na mzazi hakuwa na cha kuchagua. Mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994 yaliwaangamiza walimu na wanafunzi wengi wa chuo hicho, nacho kikafunguliwa tena mwaka 1995. Nchi ilihitaji wataalamu upesi, vyuo vikaongezeka, vya Serikali na vya binafsi. Vile saba vya Serikali viliunganishwa mwaka 2013 kuwa Chuo Kikuu cha Rwanda. Vya binafsi viliendelea kuongezeka, na wingi huo ulileta neema pamoja na hasara.

Hasara hiyo si hadithi. Mwaka 2017, baada ya ukaguzi, Serikali ilivisimamisha vyuo kadhaa vya binafsi, vingine kwa baadhi ya masomo tu. Mwaka 2020 Wizara ya Elimu iliamuru vyuo vingine vifungwe kabisa, kikiwamo Chuo Kikuu cha Kibungo. Chuo kinapofungwa, mwanafunzi hupoteza miaka, na mzazi hupoteza shamba aliloliuza.

Basi yafaa mzazi aulize mambo manne kabla ya kufungua mkoba.

La kwanza ni kibali. Nenda, au mtume mtu, katika Baraza la Elimu ya Juu hapa Kigali. Usiulize jina la chuo peke yake. Uliza kama somo lile analolitaka mtoto limeruhusiwa kufundishwa katika chuo hicho, na mahali hapo hasa. Chuo chaweza kuwa na ruhusa ya kufundisha biashara, lakini kisiwe na ruhusa ya uuguzi.

La pili ni walimu. Wangapi wameajiriwa na chuo hicho moja kwa moja, na wangapi ni wapita njia, asubuhi wako hapa na jioni kwingine? Waulize wanafunzi wa mwaka wa pili, wala si mpokea wageni, kama mwalimu hufika darasani na kama kazi zao husahihishwa na kurudishwa. Uliza pia kama walimu hulipwa mishahara yao kwa wakati. Asiyelipwa hawezi kukaa, na akiondoka aondoka na elimu yake.

La tatu ni vyombo. Omba kuonyeshwa maabara siku ya kazi, wakati wa masomo. Tazama kama vyombo vina alama za kutumika au vina vumbi. Kwa uuguzi, uliza wanafunzi hufanyia mazoezi hospitali gani, na kwa majuma mangapi. Ukiambiwa kwamba mwenye ufunguo wa maabara hayupo, rudi siku nyingine. Ukiambiwa hivyo mara ya pili, jibu umekwisha kulipata.

La nne ni wahitimu. Hapa Rwanda wauguzi na wakunga hutahiniwa na Baraza lao kabla ya kupewa leseni. Kwa hiyo uliza: katika waliomaliza mwaka jana, wangapi wamepata leseni, nao wako wapi sasa? Chuo kizuri hujibu kwa furaha. Kile kinachobabaika chajulisha hali yake chenyewe.

Wasomaji wengine watasema kwamba ziko orodha zinazopanga vyuo vya dunia kwa daraja. Ni kweli, lakini orodha hizo hupima mambo yake. Ile iliyoanzishwa Shanghai mwaka 2003, kwa mfano, huhesabu zaidi tuzo za Nobel na makala za utafiti. Mambo hayo ni makubwa, lakini hayamwambii mama wa Nyamirambo kama bintiye atafundishwa kuchoma sindano.

Ushauri wetu basi ni huu. Bibi, mchukue binti yako mwende katika vyuo vyote viwili siku ya kazi, na maswali haya yakiwa yameandikwa. Utakachokichagua, usilipe karo ya miaka yote kwa mkupuo hata ukiahidiwa kupunguziwa. Lipa kwa muhula, kwa benki, na kila stakabadhi uiweke pamoja na hati za nyumba.

Wala usione haya kuuliza. Hukuombi msaada, bali wanunua kitu cha thamani kuliko vyote ulivyopata kununua. Tena jambo hili si la nyumba yako peke yake. Muuguzi aliyefundishwa vibaya siku moja atasimama usiku kando ya kitanda cha mtoto wa mwingine, na hapo hakuna atakayeuliza kama chuo chake kilikuwa na vioo.